Si kila jicho lina haki ya kutuvalisha

Mhariri,

Kila mjadala wa mavazi hadharani unapozuka, wasomaji hugawanyika kambi mbili. Ya kwanza husema mwili wangu, nguo yangu, ukikerwa geuza uso. Ya pili husema hatuishi porini, tunaishi na watu, lazima tuwajali. Zote mbili huwataja "watu" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye jozi moja ya macho. Kwetu sisi tunaofundisha kukata na kushona, na tunaoulizwa kila mara nani avae nini kwa kazi gani, mjadala huharibikia hapo. Dereva anayekuja nyuma yako usiku, mgonjwa unayemfunga kidonda, msaili aliye upande wa pili wa meza, mpita njia asiyejua hata jina lako: kila mmoja anatafuta kitu chake kwenye nguo zako, na haki zao hazilingani.

Kipimo ninachopendekeza ni kimoja. Jiulize huyu anayekutazama atapatwa na nini kutokana na ulichovaa. Ikiwa ataumia, atadanganyika au atashindwa kukutambua pale anapopaswa kukutambua, msikilize hata kama hakupendezi. Ikiwa hatapendezwa tu, basi.

Nianze na dereva, maana kwake suala hili hupimika kwa mita. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 hivi kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu kukuona na kukanyaga breki, mita 33 zimekwisha kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi huziona taa za gari vizuri kabisa, akadhani naye anaonekana vilevile. Haonekani. Utafiti wa usalama barabarani umelirudia jambo hili kwa miongo mingi: watu hukadiria kuwa dereva anawaona kutoka mbali kuliko anavyowaona kweli.

Shati jeupe husaidia, ila kidogo kuliko tunavyoamini, kwa sababu kitambaa cheupe hutawanya mwanga kila upande. Utepe wa reflekta huurudisha mwanga kule ulikotoka, yaani kwenye taa na macho ya dereva. Na mahali pa kuuvaa ni muhimu kuliko wingi wake. Kizibao cha kifuani huonekana kama doa moja linaloelea, na dereva hupoteza muda akijiuliza ni kibao, ni pipa au ni mtu. Utepe ukizungushwa vifundoni mwa miguu, magotini na mikononi, dereva huona mwendo wa kutembea, na ubongo wa binadamu hautaabiki kuutambua mwendo huo. Ukiwa na tepe mbili tu, zifunge vifundoni. Upana wa sentimita 5 unatosha, mradi zizunguke mguu mzima ili zionekane kutoka pande zote. Makosa ya kawaida ni matatu: begi la mgongoni kukifunika kizibao, utepe kupigwa pasi ya moto au kufuliwa kwa dawa ya kung'arisha hadi ukafa, na kuamini kwamba njano kali au chungwa kali itakusaidia usiku. Rangi hizo hung'aa mchana kwa kuwa zinageuza mionzi ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana. Taa za gari hazina mionzi hiyo ya kutosha, kwa hiyo giza likiingia rangi hizo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Hakuna anayekunyima uhuru wa kuvaa nyeusi. Lakini jicho la dereva ndilo litakaloamua, na yeye pia atabeba maisha yake yote kumbukumbu ya kumgonga mtu. Huyo ni mtazamaji mwenye haki.

Karakana sina haja ya kukaa nayo sana. Mkono mpana wa shati, mkufu, tai au mtandio unaoning'inia karibu na chombo kinachozunguka hunaswa na kuvuta mwili kabla mkono haujafika kwenye swichi. Sheria ya mavazi hapo haitaki mjadala.

Hospitali ndiko kwenye fundisho zuri zaidi, kwa sababu huko macho ya mtazamaji na maslahi yake viligongana. Wagonjwa wengi humwamini daktari aliyevaa koti jeupe la mikono mirefu. Hata hivyo mwaka 2007 idara ya afya ya Uingereza ilitoa mwongozo, ukaanza kutumika 2008, wa kuwataka wahudumu wawe wazi kuanzia viwiko kushuka chini wanapomgusa mgonjwa: mikono mifupi, bila saa ya mkononi, bila pete zenye vito, na tai iwekwe kando. Sababu ya msingi ni kunawa. Mtu mwenye saa na mkono wa koti hanawi kifundo cha mkono inavyotakiwa, na ncha ya mkono wa koti hugusa kitanda hiki na kile. Ushahidi kwamba koti lenyewe huambukiza si mzito, na waliotunga mwongozo walilijua hilo. Lakini palipokuwa na shaka kati ya kumfurahisha mgonjwa kwa macho na kumlinda kwa mwili, walichagua mwili. Kile alichokuwa akikitafuta mgonjwa kwenye koti, yaani kujua huyu ni nani na ana kazi gani, hupatikana kwa njia nyingine: kitambulisho kifuani chenye jina na cheo kwa herufi kubwa kuliko nembo, kisichoning'inia kiunoni kikageuka nyuma mbele.

Sare nayo ina hatari yake, kwa sababu mtazamaji huitii bila kufikiri. Mwaka 1955 watafiti mjini Austin, Texas, walimwekea mtu mmoja nguo za aina mbili kwa zamu, akawa anavuka barabara wakati taa inakataza. Alipovaa suti, watu wengi zaidi walimfuata kuvuka kuliko alipovaa nguo za kibarua. Mwaka 1974 Leonard Bickman alichapisha majaribio aliyoyafanya mitaani Brooklyn: mtu yule yule aliwaamuru wapita njia waokote mfuko au wampe mgeni sarafu ya kuegeshea gari. Akiwa na sare ya mlinzi alitiiwa zaidi kuliko akiwa na sare ya muuza maziwa au nguo za kiraia, ingawa mlinzi hana mamlaka yoyote juu ya sarafu za watu. Anayevaa vazi la mamlaka asiyokuwa nayo anamdanganya anayemtazama, na huyo ana haki ya kulalamika. Nasi tunaotazama tuna wajibu wa kuuliza kitambulisho badala ya kusoma mabega.

Sasa tuje kwenye usaili wa kazi, panaposumbua watu wengi zaidi. Ushauri wa kawaida ni kwamba mwombaji ajitahidi kuvaa vizuri. Ni kweli, lakini unamtwika mzigo mtu mmoja na kumwacha mwenye nguvu akiwa ameketi. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Princeton, DongWon Oh, Eldar Shafir na Alexander Todorov, walichapisha mwaka 2019 mfululizo wa majaribio. Walionyesha watu picha za nyuso, uso ule ule ukiwa juu ya nguo zilizoonekana za mtu mwenye uwezo zaidi kidogo, kisha juu ya nguo zilizoonekana za mtu mwenye uwezo pungufu kidogo. Tofauti haikuwa suti dhidi ya matambara. Zote zilikuwa nguo za kawaida. Uso uliokuwa juu ya nguo "tajiri" ulihukumiwa kuwa wa mtu hodari zaidi. Washiriki waliambiwa wazipuuze nguo, wakashindwa. Walipewa taarifa za kazi na kipato cha mtu aliye pichani, hali ikabaki vilevile. Waliahidiwa fedha wakihukumu sawasawa, bado. Hukumu hiyo ilitokea hata picha ilipoonyeshwa kwa takribani sehemu ya nane ya sekunde.

Maana yake ni kwamba msaili anayesema "mimi siangalii nguo" anajidanganya, hata awe mwema namna gani. Dawa haimo katika nia yake. Imo katika utaratibu. Hatua ya kwanza ya mchujo ifanyike kwa simu ya sauti pekee, maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, kwa kila mwombaji. Katika usaili wa ana kwa ana, kila mjumbe wa jopo aandike alama za swali la kwanza kabla swali la pili halijaulizwa. Alama zikusanywe kabla mtu yeyote hajafungua kinywa kusema "mimi huyu binti nimempenda" au "yule kijana hakujipanga". Kipengele cha "mwonekano" kifutwe kwenye fomu. Kama kazi kweli inakihitaji, kiandikwe kwa maneno yanayopimika: nguo ni safi, mishono imeshika, viatu vinafaa kusimama navyo kwa muda wa saa nne. Neno "nadhifu" peke yake ni mlango ambao kila upendeleo hupitia. Okestra za Marekani zililielewa hili zamani. Tangu miaka ya 1970 nyingi zilianza kutundika pazia kati ya mpigaji na majaji, na nyingine zikaongeza zulia sakafuni, kwa sababu mlio wa visigino ulikuwa ukimfichua mwanamke kabla hajapiga noti ya kwanza.

Mpaka majopo yabadilike, mwombaji afanyeje? Achunguze wafanyakazi wa pale huvaa nini siku ya kawaida, kisha apande ngazi moja tu. Akipanda tatu ataonekana amevaa nguo ya mtu mwingine, na mara nyingi huwa ni kweli. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo. Koti la kuazima hukamatwa begani. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukipita kwa sentimita 2 kitambaa hubonyea chini yake, na mtazamaji huona kuna kitu hakikai sawa hata asipojua ni nini. Fundi cherehani hupunguza urefu wa mkono au pindo la suruali kwa muda mfupi, lakini bega humlazimu kuufungua mkono mzima na bitana. Kwa hiyo ukichagua kati ya makoti mawili, chukua linalokaa begani, hayo mengine yatarekebishwa.

Na mpita njia? Huyu ndiye tunayemwogopa zaidi, naye ndiye anayetutazama kidogo kuliko wote. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha majaribio ambayo mwanafunzi mmoja mmoja alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambaye vijana wale waliona aibu kuonekana naye kifuani, kisha akaingizwa chumbani kwa wenzake. Wavaaji walikadiria kuwa karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua picha. Waliotambua walikuwa karibu robo. Hofu ya mvaaji ilizidi hali halisi mara mbili. Ni lazima niongeze kwamba jaribio hilo lilifanyika mahali salama. Mtu anayevaa tofauti na wengi mahali penye chuki hatapata faraja yoyote kwa kuambiwa ni robo tu wanaomwona. Mmoja mwenye nia mbaya anatosha.

Ila kwa siku za kawaida, tunaokaa na vipimo tunajua kwamba sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita "watu wananitazama" ni nguo isiyowakaa. Mtu anayevuta sketi chini kila hatua tano, au kushika kifua kila anapoinama, amegawa akili yake nusu kwa nusu. Kabla ya kutoka na nguo mpya, jaribu mambo haya mbele ya kioo. Kaa kwenye kiti kigumu kwa dakika chache, kisha simama uone kama nguo inarudi chini yenyewe. Inua mikono yote miwili juu. Inama kama unayeokota kitu. Panda ngazi. Halafu simama dirishani mwanga ukiwa nyuma yako, mtu mwingine akutazame, kwa sababu taa ya chumbani haionyeshi kile ambacho jua litakionyesha.

Sketi inayopanda juu ukitembea kwa kawaida si fupi, imebana nyonga. Kitambaa kisichovutika kinahitaji nafasi ya sentimita 5 hivi zaidi ya kipimo cha nyonga, na 2 au 3 kiunoni, kwa sababu mwili unapokaa hutanuka. Isipopata nafasi hiyo, sketi hupanda kutafuta sehemu nyembamba zaidi, yaani kiuno. Kuongeza urefu hakutibu kitu hapo. Shati linalopanuka kati ya vifungo kifuani linatokana na fundi kupanga vifungo kuanzia shingoni kwa nafasi sawa. Apange kwanza kifungo kimoja sawasawa na mstari wa kifua kilipojaa, ndipo agawe vilivyobaki juu na chini yake. Nguo nyeupe inayoonyesha ndani haitibiwi kwa nguo nyeupe ya ndani. Nyeupe juu ya ngozi yenye rangi ndiyo huchora mipaka yake. Vaa ndani rangi inayokaribia ngozi yako, au weka bitana. Mambo haya humrudishia mvaaji utulivu bila kumwomba mtu yeyote ruhusa ya mtindo wake.

Kuna jambo halina mizani kabisa. Wapo wanaoutumia mtazamo wao kama kisingizio: niliona alivyovaa, ndiyo maana. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Rufani ya Italia ilitengua hukumu ya ubakaji, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba jinzi ya kubana haiwezi kuvuliwa bila mwenyewe kusaidia. Wabunge wanawake walifika bungeni wamevaa jinzi kupinga, na kutoka hapo ikazaliwa siku ya kuvaa jinzi inayoadhimishwa hadi leo katika nchi mbalimbali. Mwaka 2008 mahakama hiyo hiyo iliiacha hoja ile. Mimi nashona jinzi, na ninaweza kukueleza uzi wake, mshono wake maradufu na rivati zake. Hakuna sehemu ya jinzi inayoandika ridhaa. Mtazamaji aliyepiga kelele, aliyeshika au aliyerarua amekwisha kutoka kwenye kutazama na kuingia kwenye tendo, na tendo ni lake.

Tena mtazamo wa umma ukiachiwa utunge sheria, husahau kuzifuta. Amri ya mwaka 1800 mjini Paris ilimtaka mwanamke anayetaka kuvaa suruali aende polisi kuomba kibali. Mwaka 1892 na 1909 ililegezwa: ruhusa kama ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Waziri wa haki za wanawake wa Ufaransa alitangaza rasmi kuwa haina nguvu tena Januari 2013, wakati huo wanawake wa Paris walikuwa wameivunja kwa vizazi kadhaa kila asubuhi wakienda kazini.

Kwa hiyo nawashauri wanaoandika kanuni za mavazi kazini, shuleni au katika kumbi za umma: mbele ya kila kanuni andikeni sababu yake kwa sentensi moja, na mtaje mtazamaji anayelindwa. "Nywele zifungwe, mashine inazunguka" ni kanuni. "Viatu viwe na visigino, tunapokea wageni" ikibanwa kwa maswali itakwama, kwa sababu mgeni hapati madhara yoyote akihudumiwa na mtu aliyevaa viatu bapa, wakati kisigino kirefu huusukuma uzito wa mwili mbele kwenye vidole kwa saa zote za zamu. Mwaka 2016 nchini Uingereza mfanyakazi wa mapokezi aliyerudishwa nyumbani kwa kukataa visigino alianzisha ombi lililopata saini zaidi ya 150,000, na bunge likalijadili mwaka uliofuata. Angalieni pia gharama inamwangukia nani. Kama kanuni inadai nguo ambayo mfanyakazi hataivaa popote pengine, mwajiri aitoe yeye, angalau seti mbili, moja ikivaliwa nyingine ikifuliwa. Na kanuni ipitiwe upya kila mwaka na watu wanaoivaa, wakiwemo wa ngazi ya chini kabisa.

Mwisho, kuhusu kumwambia mtu juu ya nguo yake. Mwambie kile anachoweza kukirekebisha ndani ya dakika moja: zipu iliyofunguka, mshono ulioachia, lebo iliyotokeza, doa mgongoni. Msogelee, sauti chini, taja kitu na mahali kilipo, kisha ondoka bila kusubiri shukrani. Ukiwa na pini, mpe. Urefu wa gauni lake, rangi ya suruali yake au kilemba chake hawezi kuvibadilisha hapo alipo, na wewe hakuna kinachokupata.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu wa ushonaji